Badru Spika na Simu ya Ijumaa

Ukifika Chumbageni, Tanga, ukauliza nyumba ya Badru Shaame, watakukodolea macho. Uliza Badru Spika, hata mtoto wa chuo cha Kurani atakushika mkono akupeleke. Hakuna harusi, maulidi wala tangazo la mbuzi aliyepotea mtaani kwetu ambalo halijapita kwenye spika zake, zile za bati zenye mdomo mpana anazozifunga juu ya nguzo kwa kamba ya katani. Kazi yake tangu ujana ni kufikisha sauti za watu mbali. Yeye mwenyewe ana sauti ndogo, ya kuombea chumvi.

Alizaliwa Kigombe, akaja mjini kwa mjomba wake aliyekuwa akitengeneza redio, na mkewe alimpata kazini. Yalikuwa maulidi ya nyumbani kwa watu, spika ikawa inapiga mluzi, wanaume wote wamenyamaza kwa adabu, mara upande wa wanawake mtu akapaza sauti: "Fundi, hicho kidude chako chalia kama paka kafungiwa jikoni! Twaja kusikiliza kasida au twaja kuziba masikio?" Badru akatengeneza, mluzi ukaisha. Kisha akauliza taratibu yule msemaji ni nani. Akaambiwa ni Asmahani. Mwaka haukwisha, akamuoa.

Na walipendana, tusiseme uongo. Asmahani alisema kwa niaba ya wote wawili, Badru akicheka chini chini, wakapata binti mmoja, Hafsa. Mapenzi hayo yangeendelea mpaka kaburini lau si kiburi, na kiburi cha mtu mpole, jamani, Mungu akuepushe nacho. Mama yake Asmahani, aliyekuwa akiishi Maskati kwa mwanawe wa kiume, aliugua akawa wa kulala kitandani. Asmahani akasema, "Twende wote, baba Hafsa." Badru akasema haendi, atakwenda kufanya nini huko, kubeba mizigo? Wakavutana juma zima. Siku ya safari, mkoba uko mlangoni, Badru akatamka maneno ambayo mpaka leo mtaa unamlaumu kwayo: "Ukipanda ndege hiyo, huna mume."

Sasa wewe niambie. Mama mzazi yuko kitandani hawezi hata kugeuka, mwanawe afanye nini? Asmahani akapanda.

Talaka yenyewe ilikuwa moja, na talaka moja mume aweza kuirudisha ndani ya eda kwa neno tu. Hata mahari hayahitajiki. Shekhe Uweso, imamu wetu, alimwendea Badru barazani akamwambia, "Mwanangu, mpigie simu mwenzio, sema nimekurejea, yaishe." Badru akajibu, "Aliyeondoka ndiye apige." Huko Maskati naye Asmahani akawa anasema, aliyeacha ndiye apige. Wawili hao wakangojana kama watu waliopishana mlangoni, kila mmoja anampa mwenziwe nafasi ya kupita. Eda ikaisha. Baada ya hapo hakuna tena nimekurejea. Mkitakana, ni kuoana upya.

Miaka sita ikapita hivyo. Kitu kimoja tu kilibaki kati yao: simu ya waya nyumbani kwa Badru, ile nzito yenye mkonga, iliyowekwa ukumbini juu ya kigoda. Nyumba nyingi zimeshazikata. Badru hakukata ya kwake. Kila Ijumaa baada ya alasiri ililia, na aliyekuwa akipiga alikuwa Asmahani, kumpigia Hafsa. Simu ya kupangusa hakuitaka; alisema macho yake hayaiwezi, na kwamba mtu kuongea na kioo ni uchawi. Saa hiyo utamwona Badru anabeba spika moja, anatoka nayo barazani, anaifuta vumbi. Ijumaa zote hizo anafuta vumbi spika ileile! Mgongo wake ukutani, sikio dirishani. Anasikia nusu ya mazungumzo, ile ya Hafsa: "Ndiyo, mama... Bibi ameweza kula?... Hajambo... Yupo hapo nje." Hilo "yupo hapo nje" ndilo lililokuwa chakula chake cha juma. Maana yake ameulizwa.

Basi Hafsa akapata mchumba. Kijana wa Muheza, Sele, mfanyabiashara wa machungwa, mtu wa watu, hana makuu. Badru alifurahi, akapokea posa kwa moyo mmoja. Furaha ilimtoka Ijumaa iliyofuata, akiwa barazani na kitambaa chake mkononi. Simu ililia, Hafsa akakimbia kuipokea, na hapo ndipo wazo likamjia: Hafsa akishahamia Muheza, hii simu itamlilia nani? Mama mtu atapiga huko kwa mwanawe. Humu ndani hataulizwa mtu wala kutajwa mtu. Akakaa chini na spika mapajani, na moyo ukamuuma sana, kuliko siku ile ya mkoba mlangoni.

Hakumwambia mtu. Akina Badru hawasemi.

Hafsa naye ana ulimi wa mamake. Ilipobaki majuma mawili, akasema, "Baba, mama hawezi kumwacha bibi. Lakini mimi siolewi huku mama hasikii. Wewe unawasikilizisha maulidi mpaka walevi wa ng'ambo ya barabara, mama yangu ndiye umshindwe?"

"Nitatega simu ya mkononi karibu na spika."

"Hiyo inayokwenda didi-di-didi kila ikikaribia amplifaya zako? Asikie didi-di-didi badala ya ndoa yangu? Tumia ya waya."

Ijumaa hiyo Hafsa akamweleza mamake, na Badru dirishani akasikia jibu likirudiwa. "Anasema atapiga alasiri kama kawaida, baba, ila ana sharti. Asikie tu, asisikike. Hataki kusalimiwa wala kuulizwa hali. Anaogopa atalia, watu waseme."

Badru akasogeza mdomo dirishani. Tangu mama mtu aondoke, hilo lilikuwa neno lake la kwanza kuelekea simu ile. "Mwambie hatasikika. Hata akikohoa, hatasikika."

Akaingia kazini. Jaribio la kwanza, Ijumaa iliyofuata, alichukua waya za simu akazifunga moja kwa moja kwenye amplifaya, ikatoka mvumo hata kunguru wakahama mnazini. Akiwa amezishika waya hizo kwa vidole vitupu, simu ikalia. Na simu ya waya ikilia, umeme wake si wa mchezo. Badru aliruka akaangukia ndoo. Hafsa akapokea, akasikiliza, akasema kwa mdomo uliojaa kicheko, "Hapana, mama, hakuna kitu. Ni baba, umempiga shoti."

Akaenda kwa Mustansir, mwenye duka la vitu vya umeme, Mhindi wa hapahapa ambaye babu yake kazikwa Tanga na Kiswahili chake kinawashinda wengi wetu. Nyuma ya duka la Mustansir kuna kaburi la mashine. Akafukua humo faksi iliyokufa zamani, akaifungua, akachomoa kidude cha ukubwa wa tende mbili.

"Transfoma ya laini ya simu," akasema. "Tazama. Humu mna koili mbili za waya kwenye chuma kimoja. Hii waunganisha na simu, hii na mitambo yako. Hazigusani kabisa. Umeme wa huku haufiki kule, kwa hiyo mvumo hauji, wala hutaangukia ndoo tena."

"Kama hazigusani, sauti yapitaje?"

"Hii ikitetemeka, ile yahisi. Ndiyo kazi yake."

Badru alikishika kile kidude kwa muda mrefu. Mustansir akamwambia wakati anakifunga kwenye gazeti, "Ila angalia, bwana, yenyewe haichagui pande. Ukitaka iende tu isirudi, kuna kamzunguko kengine ka umeme ka kuongeza. Njoo Jumatatu nikuchoree."

Jumatatu Badru hakwenda. Si dharau, la. Mtu aliyetumikia spika maisha yake yote, kwake sauti ni kitu kinachotoka maiki, kinapita amplifaya, kinatoka mdomo wa bati. Spika haijapata kumjibu mtu hata siku moja. Akalehemu ile transfoma, koili moja kwenye laini ya simu, na nyingine akaiunganisha palepale kwenye waya unaotoka mikisa, kile kisanduku cha kuchanganyia sauti, kwenda amplifaya, akaifunga yote ndani ya kopo la maziwa ya unga. Akampigia Mustansir dukani kwa simu ya waya, akamsomea Fatiha nzima kwa maiki. Mustansir akasikiliza kimya, kama mtu yeyote asomewapo Fatiha, kisha akampigia kwa simu ya mkononi: "Safi kama maji ya dafu!" Badru akaridhika.

Jambo moja zaidi alilifanya, na hili nalijua kwa sababu Shekhe Uweso alitusimulia mwenyewe. Mababa wengi hapa kwetu humwakilisha shekhe awaozeshe binti zao, kwa kuogopa kukosea maneno mbele ya watu. Badru, asiyeweza hata kukaripia paka, alimwendea shekhe akasema, "Mwanangu nitamwozesha mwenyewe. Kwa maiki." Shekhe akamtazama, akaelewa, akamwambia ajifunze basi. Juma zima akisikika chooni anajifunza.

Ijumaa ikafika. Msikiti na nyumba ya Badru vimetenganishwa na kichochoro tu, kwa hiyo waya wa simu aliuvusha juu, kupita kimo cha mtu. Wanaume ndani ya msikiti na nje mpaka barabarani, wanawake nyumbani na bibi harusi, spika juu ya nguzo pande zote. Alasiri ikasaliwa. Simu ikalia, dada mmoja akapokea kama alivyoagizwa, akauweka mkonga juu ya mto asiseme neno. Badru akaunganisha kopo lake. Kimya, hakuna mvumo. Akaketi mbele ya Sele, mkono wa kulia umeshika wa kijana, amplifaya iko ubavuni kwake kushoto.

Shekhe akasoma hotuba, kisha akamsogezea maiki. Na Badru akasema, sauti inatetemeka lakini inafika: "Sele, nimekuozesha binti yangu Hafsa kwa mahari mliyokubaliana."

Sele akajibu bila kusitasita, "Nimekubali kumuoa kwa mahari hayo."

Vigelegele vikalipuka. Hilo ni la kawaida. Lisilo la kawaida ni mahali vilipotokea: kabla wanawake wa nyumbani hawajajaza pumzi, kigelegele kimoja, kirefu, cha mtu aliyekishikilia miaka, kilitoka juu ya nguzo zote kwa pamoja, ndani ya msikiti na nje. Wazee wakatazama dari. Shekhe Uweso akageuza maiki akaichungulia. Badru akaikumbuka Jumatatu ya Mustansir.

"Alhamdulillahi," nguzo zikasema, zinalia. "Alhamdulillahi, mwanangu. Mola akupe kheri." Zikapenga kamasi, kwa sauti kubwa, mtaa mzima ukasikia. Kisha zikashuka, zikawa kama mtu anayejisemea jikoni kwake. "Badru we. Ndiyo sauti yako hiyo? Mbona imezeeka hivyo? Nani anakupikia, Badru? Nani anakukumbusha dawa yako ya presha? Hafsa huyo anakwenda zake, wewe utabaki na nani, na masipika yako?"

Waya ulikuwa karibu na mkono wake wa kushoto. Kuuchomoa ni kitendo cha mara moja, na alikuwa ameahidi. Watu walimwona mkono ukienda mpaka kwenye kopo. Ukakaa juu yake, haukuchomoa kitu. Alikuwa hajaisikia sauti ile kwa miaka sita, na sasa inamsema yeye, kwa jina lake.

"Eda nzima," sauti ikasema, "nimelala na simu hii mapajani. Wallahi, eda nzima. Neno moja tu, Badru, lilikushinda? Ningerudi kwa neno moja. Mama angepona asipone, ningekuwa mkeo huku na wewe mume wangu huko, nayo ikatosha. Nimechoka kukuwaza, mwanamume wewe. Hata mchuzi nikiukoroga nakuona."

Hakuna aliyecheka. Barabarani muuza kashata alikuwa ameuinamisha uso. Mwishowe Shekhe Uweso, mtu wa huruma, akaona mama wa watu anajiaibisha pasipo kujua. Akainua maiki akakohoa.

"Asalaamu alaikum, Bi Asmahani. Sisi huku twakusikia."

"Nani huyo?"

"Shekhe Uweso."

"Shekhe? Mnanisikia mkiwa wapi?"

"Uko msikitini, mama," shekhe akasema kwa upole. "Kwenye spika."

Kikasikika kishindo cha mkonga unaobamizwa, kisha Chumbageni nzima ikajazwa na ule mlio wa simu iliyokatwa, tuuu, unaendelea na kuendelea, mpaka Mustansir alipotoka safu ya nyuma akanyoosha mkono akauchomoa waya.

Harusi iliendelea, pilau ikaliwa, bibi harusi akachukuliwa Muheza kwa nderemo. Kabla ya kupanda gari, Hafsa alimkumbatia babake akamnong'oneza kwamba amempigia mamake kwa simu ya Sele. "Anasema hataipiga tena nyumba hii maisha yake. Ana haya, baba. Anasema ulimwahidi." Badru akaitikia kwa kichwa. Gari likaondoka, akabaki amesimama kichochoroni na kopo lake la maziwa mkononi.

Mtaa wetu una masihara na una ubinadamu, na vyote viwili huja pamoja. Kwenye kahawa ikawa ndiyo salamu: "Badru, nani anakupikia?" Na wanawake, waliokwisha kusikia kwa masikio yao kwamba hapikiwi, wakaanza kuleta. Khatija, mkewe Mustansir, akaleta biriani. Bi Zuwena, jirani wa mlango kwa mlango, akaleta samaki wa kupaka. Waliobaki wakaleta mikate ya kumimina mpaka kabati likajaa. Badru alishukuru, akafunika kawa juu ya kila sahani, na aghalabu kesho yake alivigawa.

Mustansir alikuja na mchoro wake wa Jumatatu. "Ukiongeza kamzunguko haka, haitarudi tena." Badru akauchukua, akaukunja, akautia mfukoni. "Ahsante," akasema. "Lakini acha irudi."

Ijumaa ikaja. Badru akasali alasiri, akarudi nyumbani, akachukua spika na kitambaa akatoka barazani kwa mazoea. Akafuta vumbi. Nyumba iko kimya mpaka unasikia kigoda kikiliwa na mchwa. Wakati wa simu ukafika, ukapita. Bi Zuwena aliyekuwa mlangoni kwake anapeta mchele anasema alimwona ameacha kufuta, ameshika tu. Neno moja tu, lilikushinda? Mtu mwenye kiburi huwa anajua kabisa anachopaswa kufanya, ndilo linalomwuma. Kivuli cha mnara wa msikiti kilipofika ukutani kwake, Badru akaweka spika chini, akaingia ndani, akaketi sakafuni karibu na kigoda, akabonyeza namba ambayo hajapata kuibonyeza hata mara moja, na anaijua kwa moyo.

Ikalia muda mrefu. Ikapokelewa.

"Asma," akasema Badru.

Akamsikia akipumua. Kisha: "Leo wanasikia wangapi?"

"Mimi tu."

"Apa."

"Wallahi. Mimi tu, na simu."

Nyuma yake kwa mbali Badru akasikia saa ya ukutani ya nyumba asiyoijua, na mtu mzima akikohoa.

"Mama hajambo?"

"Yupo. Atakuwepo mpaka Mungu apende. Siwezi kumwacha, Badru, usije ukaniomba hilo tena."

"Sikuombi." Akauzungusha waya wa simu kidoleni. "Nauliza tu. Misikiti ya huko kwenu, spika zake anazitengeneza nani?"

Asmahani alikuwa akilia na kujitahidi asisikike, na Badru alisikia yote. Alipoweza kusema, sauti yake ilikuwa ya siku zote, ya mwenye nyumba.

"Nani amekupikia leo?"

Badru akaitazama meza. Biriani la Khatija, samaki wa Bi Zuwena, vyote vimefunikwa kawa, havijaguswa.

"Sijala."

"Saa hizi? Na dawa ya presha utaimeza juu ya nini?" Akapenga kamasi. "Haya, kachukue chakula uje ukae hapo hapo. Usikate. Ule nikusikie."

Badru akaulaza mkonga juu ya mto, akaleta sahani, akanawa, akaanza kula.